Namba sita kutoka Manyoni

"Kaka, hizo namba sikupi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kuonywa, na akaonyeka. Nyuma yake nilisikia jogoo na honi ya lori. Alikuwa ameniambia yuko Manyoni, anauza vipuri vya pikipiki, na laini hiyo aliisajili mwaka jana kama tunavyosajili wote, kwa namba ya NIDA na alama ya kidole.

Laini ilikuwa ya baba mdogo. Baba mdogo tulimzika Agosti 2022.

Nilikuwa barazani kwake, nimekalia kigoda, kompyuta magotini. Mama mdogo amesimama mlangoni, kanga mabegani, anasubiri. Kioo kinasema namba 6 za uthibitisho zimetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Zimefika kweli. Zimefikia dukani kwa mtu asiyetujua.

Nikajaribu kumwelewesha. Mimi si tapeli, kaka, haya ni mambo ya mirathi. Nikamtajia jina la marehemu, nikamtajia shamba, nikamwambia muda unakwisha, zinafutika baada ya dakika chache, nisomee tu. Kila nilivyoongeza neno nilijisikia mwenyewe. Msiba, shamba, haraka, nisomee. Hakuna neno nililotumia ambalo tapeli halitumii.

"Hata wale wa ile hela tuma kwenye namba hii siku hizi wanaanza na msiba," akasema. Akakata.

"Amesemaje?" mama mdogo akauliza.

"Amesema vizuri," nikamjibu.

Na ndivyo. Kazini kwangu mimi ndiye ninayesimamishwa mbele ya watu kuwaambia wasimpe mtu yeyote zile namba, hata akijitambulisha kwa cheo gani. Yule bwana wa Manyoni ni mwanafunzi wangu bora, na hatujawahi kuonana.

Ni wiki ya 6 sasa, simu ile haijanitoka.

## Karatasi ya daftari

Tulichokuwa tunatafuta ni ukurasa mmoja.

Mwaka 1996 baba mdogo alinunua ekari 2 upande wa Mpunguzi kwa mzee aliyepakana naye, akapanda zabibu. Mkataba uliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya mistari iliyochanwa daftarini. Majina ya mashahidi 4, dole gumba la muuzaji, muhuri wa mwenyekiti. Mipaka ilitajwa kwa maneno: mbuyu, halafu minyaa. Enzi hizo nani angegombania vumbi?

Halafu mwaka 2016 serikali ikasema inahamia Dodoma, na safari hii ikahamia kweli. Mengine mnayajua wote mnaoishi huku.

Sasa mjukuu wa muuzaji amekuja na kamba ya kupimia. Anasema minyaa ya mpaka si ule mstari wa kwanza ukitoka kwenye mbuyu, ni wa pili. Kati ya mstari na mstari kuna kama robo tatu ya ekari, na ndipo mizabibu iliyokomaa ilipo. Mashahidi 3 wametangulia mbele za haki. Wa nne yupo hai, ila ananiita kwa jina la babu yangu.

Karatasi yenyewe ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Bati lilikuwa na tundu la kutu chini, la kupita kidole. Mchwa hawahitaji hata nafasi hiyo. Mwaka 2019 mama mdogo alipolifungua, alikuta udongo mwekundu umejaa hadi nusu, kavu, na humo ndani pini za karatasi na kipande cha jalada la plastiki. Vingine vyote vilikuwa vimekwisha.

Aliniambia baba mdogo hakushtuka. Alisema, "Si ipo kwenye kompyuta ya mwanangu?"

## Kijana aliyetoka chuo

Mwanangu huyo ni mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa nimemaliza chuo, kichwa kimejaa. Nilimchukua baba mdogo na karatasi yake mpaka kwenye stesheneri moja karibu na soko la Majengo, tukaskani. Sikuishia hapo. Faili nikalitia kwenye zipu, yaani kifurushi cha faili, kilichosimbwa kwa AES, kufuli ya kihesabu isiyofunguka bila nywila. Nywila yake herufi 24. Nikamfungulia barua pepe, zipu nikaituma humo. Nakala nyingine nikaweka kwenye flashi. Lile faili lililo wazi nikalifuta kabisa kwenye kompyuta yangu, nikajisifu.

Baba mdogo aliniuliza swali moja tu: "Na mama yako mdogo ataifunguaje?"

Nikacheka. Nikamwambia, ndiyo maana ya usalama, baba.

Nywila ya zipu aliinakili kwenye daftari lake la shamba, katikati ya hesabu za salfa na vibarua. Nilimgombeza kwa hilo. Nywila haiandikwi, baba. Akatii. Mwaka 2017 alipoibiwa simu, akabadilisha nywila ya barua pepe kama nilivyomfundisha, na hiyo ya pili hakuiandika popote, kama nilivyomfundisha.

Kwa hiyo leo tunayo nywila ya zipu, kwenye daftari ambalo mchwa hawakulifikia kwa sababu lilikuwa jikoni. Barua pepe ambamo zipu imo hatuna njia ya kuiingia. Simu ya marehemu ilibaki imeingia kwenye akaunti. Mama mdogo aliitumia kwa tochi na picha za wajukuu mpaka ilipozima mwanzoni mwa 2024. Na akaunti za namna hii zina umri. Google, kwa mfano, tangu Desemba 2023 wanafuta zile za watu binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka 2. Hesabu nilikuwa naijua tangu pale barazani. Ndiyo maana nilimharakisha yule bwana.

Na flashi?

Ilikaa miaka kwenye droo. Nilipoichomeka, kompyuta iliiona, ikafikiri kidogo, ikaomba iiformati. Watu huiona flashi kama kijiwe kilichochongwa. Ndani yake kuna chaji ndogo mno za umeme zilizofungiwa kwenye vyumba vidogo, na chaji huvuja taratibu, upesi zaidi palipo na joto. Droo ya nyumba ya bati Dodoma mwezi Oktoba si mahali pa kufungia umeme.

## Miaka 33

Usiku nikawa nahesabu miaka.

Hati za ardhi nchini kwetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Huo ndio urefu wa maisha ya karatasi hizi. Sasa tazama maisha ya kufuli zetu. DES ilifanywa kuwa kufuli rasmi ya serikali ya Marekani mwaka 1977, na baba mdogo alipokuwa akihesabu noti chini ya mbuyu mwaka 1996 mabenki yalikuwa bado yanaitegemea. Miaka miwili baadaye EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, lilijenga mashine kwa chini ya dola 250,000, ikaufumania ufunguo wake kwa saa 56. SHA-1, hesabu inayolipa faili alama yake ya kuthibitisha kwamba halijachezewa, ilitolewa mwaka 1995. Februari 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa PDF mbili tofauti zenye alama ileile ya SHA-1. Kama ningeuhakikishia mkataba ule kwa SHA-1, uhakika ungekufa kabla ya baba mdogo. Dole gumba la mzee halikuwa na tarehe ya kwisha.

Na kuna hili la kompyuta za kwantamu, zinazopiga hesabu kwa tabia za chembe ndogo mno. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya aina hiyo, ikiwa kubwa ya kutosha, itavunja RSA, kufuli inayotumika sana kulinda mawasiliano ya mtandaoni. Kubwa ya kutosha bado haipo, lakini asiye na haraka anaweza kuvuna mawasiliano yako leo akayaweka ghalani, akaja kuyafungua siku hiyo ikifika. Ndiyo maana Signal, wenye programu ya ujumbe, walianza kubadilisha kufuli zao Septemba 2023, Apple wakafuata mwaka 2024, na Agosti mwaka huohuo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikatoa viwango 3 vipya vya kufuli za kustahimili kwantamu. Sitawadanganya kwamba nalala macho kwa hilo. Hakuna jasusi anayeweka ghalani zabibu za Mpunguzi. Anayepaswa kuwaza ni mwenye siri ambayo itauma bado mwaka 2050: majina ya watoa taarifa, majibu ya vipimo vinavyorithiwa na watoto.

Hata hivyo zipu yangu ilitumia AES ya biti 256, ambayo kwantamu haiitikisi kwa namna hiyo. Nikathibitisha mara mbili. Kufuli yangu ya mwaka 2013 ni nzima mpaka leo.

Hapo ndipo panapouma.

Hakuna aliyeivunja. Hakuna aliyejaribu. Maadui wote niliojiandaa nao hawakutokea. Waliotokea ni mchwa, kifo, joto, na laini iliyouzwa tena kwa haki kabisa.

## Mbele ya baraza

Usuluhishi ulikuwa kwenye baraza la kata. Wazee kwa wanawake wamekaa kwenye mabenchi, "Mbukwenyi" zimekwisha, nami nikapewa nafasi ya kueleza. Nikaeleza vizuri tu, nadhani. Zipu, nywila, barua pepe, laini ya Manyoni. Mzee mmoja mwenye fimbo alinisikiliza hadi mwisho bila kupepesa.

"Mwanangu," akasema, "huo mkataba ulikuwa unaficha nini?"

Nikasema haufichi kitu. Ni wa mpaka.

"Sasa ulikuwa unamficha nani?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nilicheka pia. Kisha nikaketi na sikusikia tena kilichosemwa.

Karatasi ile iliandikwa hadharani, mchana, mbele ya watu 4 walioitwa waje kuona. Nguvu yake yote ilikuwa kuonwa. Nami nikaichukua kutoka kwenye macho ya watu, nikaipeleka mahali ambapo jicho la mtu mmoja tu lingeifikia, halafu mtu huyo akafa.

Nilifunga kitu kilichohitaji mashahidi.

Kwenye fani yetu haya ni mambo mawili, na yana majina mawili. Kuna usiri, asiyehusika asione. Kuna uhalisi, anayeona aamini kwamba kitu ni kilekile. Nilifanya mtihani wake nikafaulu. Nilipofika kwa baba mdogo nikavichanganya, kwa sababu kufunga kunaonekana ni ufundi na kugawa nakala kunaonekana ni uzembe. Hata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inapogusa ushahidi wa aina hii, inatazama faili lilivyotengenezwa, lilivyotunzwa, na kama uhalisi wake ulilindwa. Haiulizi uliligubika kiasi gani.

Ningefanya nini? Kitu cha nusu saa. Nakala zilizochapwa 5: kwa mwenyekiti, kanisani, kwa muuzaji mwenyewe, kwa shangazi, kwa mama mdogo. Kisha alama ya faili kwa SHA-256, mrithi wa SHA-1 aliye mzima bado, herufi na tarakimu 64, imeandikwa kwa mkono nyuma ya kila nakala. Mchwa wangekula sanduku moja, si matano. Na mtu akija na faili lake, unapiga hesabu upya mbele ya watu. Herufi moja ikihitilafiana, faili hilo silo.

Sasa sikilizeni upande wa pili, ambao sikuusema barazani.

Baba mdogo alificha ugonjwa wake. Hakutaka wanunuzi wa zabibu wajue, hakutaka kaka zake wajue. Mimi na binti yake tulijua. Mwaka wake wa mwisho binti alipiga picha majibu ya vipimo, akakusudia kunitumia mimi, akayatupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu 41. Akafuta haraka, lakini mnajua haraka ya ujumbe uliokwisha kusomwa. Njiani picha ile ilikuwa salama mno: tangu 2016 WhatsApp inasimba ujumbe kutoka mwisho hadi mwisho, yaani simu ya anayetuma na za wanaopokea tu ndizo zinazousoma. Tatizo ni kwamba miisho ilikuwa 41. Simu nyingine katika hizo zimeshauzwa Sabasaba na picha zake ndani. Nyingine zinahifadhi nakala mtandaoni kila usiku, na kufuli ya nakala hizo, ambayo ipo tangu mwaka 2021, sijamkuta ndugu hata mmoja aliyeiwasha. Niliwauliza.

Kwa hiyo jambo alilotaka lifichwe lilijulikana hadi Singida, na karatasi aliyotaka ijulikane niliizika mimi.

## Sanduku la kikoba

Siku chache nilikuwa upande wa kuacha kila kitu wazi. Nikamwambia mama mdogo. Akanitazama kama ninaumwa.

"Kikoba hatuachi sanduku wazi," akasema.

Sanduku la kikoba chao lina kufuli 3, na funguo wanakaa nazo akina mama 3 wa nyumba tofauti. Sanduku lenyewe analo wa nne, asiye na ufunguo. Mtaalamu wa usimbaji Adi Shamir aliandika mwaka 1979 namna ya kufanya hilo kwa hesabu, tena kwa ulegevu zaidi: siri unaigawa vipande 5, vyovyote 3 vinaifungua, viwili haviambulii kitu. Ukifa na kipande chako, waliobaki wanatosha. Nimeijaribu kwa nywila zangu mwenyewe, vipande nikavichapa kwenye karatasi. Bado vimo kwenye begi langu vyote vitano, maana sijaamua niwape akina nani. Kila ninapopata jina la tatu nakumbuka ugomvi fulani.

Jambo dogo nililolimaliza ni la akaunti. Google wana mpangilio wa kumteua mtu atakayepewa vitu vyako akaunti ikinyamaza kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Nimemteua mke wangu, miezi 6. Ilichukua dakika 10, na mkono ulisita kwenye kile kitufe cha mwisho kuliko nilivyotegemea.

## Mkataba mzee zabibu

Wiki iliyopita nilienda kuchapa barua ya baraza. Stesheneri ni ileile ya mwaka 2013, imehama fremu tu. Nikamtumia binti wa pale faili kwenye WhatsApp ya duka, akalifungua, na nikaona alikolifungulia: folda ya vilivyopakuliwa, ndefu isiyo na mwisho. Vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma. Vyeti vya kuzaliwa. Barua za kazi, picha za pasipoti, hati.

"Huwa mnafuta?" nikamuuliza.

"Bosi hapendi. Anasema mteja anaweza kurudi."

Nikanyamaza. Kisha nikamuuliza kama kompyuta ya zamani ipo.

Ilikuwa stoo, chini ya boksi za karatasi, manjano kama jino. Tulipoiwasha feni ilinguruma ikatema vumbi la miaka. Nilikaa nayo saa nzima. Kijana aliyekuwepo enzi zile alikuwa mtu wa mpango: folda za miaka, ndani ya miaka miezi, na kila faili kalipa jina la mteja kama alivyomwona. *Cheti dada mrefu. Barua mwalimu Kondoa.*

*Mkataba mzee zabibu.*

Halikuomba nywila. Kalamu ya bluu, mkunjo katikati, dole gumba limevuja kidogo upande wa kushoto. Nikampigia mama mdogo, nikamsomea mstari wa mipaka: kutoka kwenye mbuyu hadi minyaa ya kwanza. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia nirudie hapo penye *ya kwanza*.

Nikalinakili mara 3, nikapiga alama ya SHA-256, nikamwomba binti na bosi wake wasaini kwenye karatasi kwamba faili limetoka kwenye mashine yao, tarehe na saa. Kama litakubalika mbele ya safari, wakili ndiye anayejua.

Wakati natafuta nilifungua mengine kwa makosa. Barua ya talaka. Majibu ya hospitali ya mtu ninayemsalimia kila Jumapili. Niliyafunga upesi, lakini jicho halina kitufe cha kufuta.

Nikamwambia binti ukweli. Vitu hivi ni vya watu, dada. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa ya mtu hutakiwi kukaa nayo kupita haja iliyokuleteeni. Folda hizi zinapaswa kufutwa, zote, na nikajitolea kumsaidia kama bosi atakubali. Bosi alikuwa pale pale nyuma ya kaunta. Akasema sawa, ilimradi asisumbuliwe.

Binti akavuta kiti, akashika mausi.

"Nianze na hiki cha kwako, kaka?"

Nikamwambia asubiri kidogo.